Kushoto au kulia? Mwongozo wa kuanza na algoriti za jiometri

Chora nukta ishirini ovyo kwenye karatasi, kisha jiulize ni zipi ziko pembezoni kabisa. Jicho linajibu kabla hujamaliza kuuliza. Kompyuta haina jicho. Inachokiona ni orodha ya namba arobaini, x na y, x na y, bila umbo wala ujirani. Jiometri ya kompyuta ni ufundi wa kuigeuza kazi ya jicho kuwa hesabu, na kuifanya hesabu hiyo iende haraka hata nukta zikiwa milioni.

Maumbo yamechunguzwa tangu enzi za Euclid, lakini swali la "hatua ngapi zinahitajika?" lilishika kasi miaka ya 1970. Tasnifu ya uzamivu ya Michael Shamos, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1978, hutajwa mara nyingi kama mwanzo wa taaluma hii. Leo inafanya kazi kimyakimya ndani ya ramani za simu, michezo ya video, roboti zinazokwepa vizuizi na printa za 3D zinazokata umbo tabaka kwa tabaka.

Ili ufuate mwongozo huu unahitaji kujua kuandika programu kidogo, kwa lugha yoyote, pamoja na aljebra ya sekondari. Weka pia karatasi yenye miraba karibu nawe. Utaihitaji kuliko unavyodhani.

Hatua ya 1: Andika fanksheni moja, na uiandike vizuri

Karibu kila kitu kitakachofuata kinasimama juu ya swali moja: nikitembea kutoka A kwenda B, je, C iko kushoto kwangu, kulia kwangu, au mbele au nyuma kwenye mstari uleule? Jibu lake ni hili:

mgeuko(A, B, C) = (Bx − Ax) × (Cy − Ay) − (By − Ay) × (Cx − Ax)

Jibu likiwa chanya, C iko kushoto. Likiwa hasi, iko kulia. Likiwa sifuri, nukta zote tatu ziko kwenye mstari mmoja.

Jaribu kwa mkono. Chukua A = (1, 1) na B = (5, 2). Kwa C = (3, 4) unapata 4 × 3 − 1 × 2 = 10, yaani kushoto. Kwa C = (3, 1) unapata 4 × 0 − 1 × 2 = −2, kulia. Kwa C = (9, 3) unapata 4 × 2 − 1 × 8 = 0, mstari mmoja. Chora nukta hizo uone kwa macho yako, maana usipoliamini jambo hili sasa utakuja kulitilia shaka usiku wa manane programu ikigoma.

Tazama kisichokuwemo kwenye kanuni ile. Hakuna kugawanya, hakuna kipeuo cha pili, hakuna pembe wala sini na kosini. Wanaoanza hukimbilia mteremko wa mstari, kisha mstari unaposimama wima wanajikuta wanagawa kwa sifuri. Wengine hukokotoa pembe kwa digrii na kuzilinganisha, na hapo 359 na 1 zinaonekana ziko mbali wakati ni majirani. Mgeuko hauna matatizo hayo. Majiranukta yakiwa namba kamili, jibu nalo ni namba kamili, bila kosa hata chembe.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, kwenye skrini nyingi mhimili wa y unaelekea chini, kwa hiyo kushoto kunageuka kulia. Ukiona majibu yote yamepinduka, sababu ni hiyo. Pili, angalia ukubwa wa namba. Majiranukta yakiwa kati ya hasi bilioni moja na chanya bilioni moja, tofauti zinafika bilioni 2, kila zao linafika 4 × 10¹⁸, na jibu la mwisho haliwezi kuzidi 8 × 10¹⁸. Namba kamili ya biti 64 inabeba hadi takribani 9.22 × 10¹⁸, kwa hiyo inatosha, ila nafasi iliyobaki ni ndogo. Ya biti 32 itafurika kimya kimya na kukupa alama ya uongo.

Hatua ya 2: Eneo la poligoni

Hapa tupite haraka. Mgeuko wa nukta tatu ni mara mbili ya eneo la pembetatu yao, ukiachia mbali alama. Ukizunguka poligoni yote na kujumlisha (xᵢ × yᵢ₊₁ − xᵢ₊₁ × yᵢ) kwa kila upande, i ikiwa namba ya kipeo na i + 1 kipeo kinachofuata, kisha ukagawa kwa 2, unapata eneo lote, hata kama umbo limebonyea ndani.

Mfano: vipeo (0, 0), (6, 0), (6, 4), (3, 2), (0, 4). Ni mstatili uliotobolewa bonde juu. Jumla ni 0 + 24 + 0 + 12 + 0 = 36, na eneo ni 18. Hakiki: mstatili mzima ni 24, bonde ni pembetatu ya eneo 6, zinabaki 18.

Alama ya jibu pia ina maana. Chanya inamaanisha vipeo vimeorodheshwa kinyume cha mwendo wa saa, hasi inamaanisha vimefuata saa. Hifadhi umbo hili, tutalirudia.

Hatua ya 3: Je, vipande viwili vinakatana?

Una kipande AB na kipande CD. Vinakatana ikiwa C na D ziko pande tofauti za AB, na papo hapo A na B ziko pande tofauti za CD. Sharti moja peke yake halitoshi. Chora herufi T ambayo mguu wake haujafika juu, utaona kwa nini.

Kokotoa mara nne:

d1 = mgeuko(A, B, C)
d2 = mgeuko(A, B, D)
d3 = mgeuko(C, D, A)
d4 = mgeuko(C, D, B)

Kama d1 na d2 zina alama tofauti, na d3 na d4 zina alama tofauti, vinakatana. Kama mojawapo ni sifuri, nukta husika iko kwenye mstari wa kipande kingine, lakini huenda iko nje ya ncha zake, kwa hiyo angalia kama x na y zake ziko kati ya x na y za ncha hizo mbili. Usijaribu kuzidisha d1 × d2 ili uone kama jibu ni hasi. Inaonekana ni ujanja, lakini ndiyo njia ya haraka ya kufurisha namba.

Ukitaka nukta yenyewe ya mkato, tumia t = d3 ÷ (d3 − d4), kisha nenda kutoka A kuelekea B kwa sehemu t ya safari. Kwa A = (0, 0), B = (4, 4), C = (0, 4), D = (6, 1): d3 ni −24, d4 ni 12, t ni 2/3, na mkato uko kwenye (8/3, 8/3). Ukiacha kule kugawa eneo kwa 2, hapa ndipo tulipogawanya kwa mara ya kwanza, na mara moja tumepata 2.666 isiyoisha, ambayo kompyuta itaikata mahali fulani. Ndiyo maana nashauri uulize "je, vinakatana?" kwa namba kamili, na "wapi?" uliulize mwishoni kabisa, ikiwa kweli unalihitaji.

Hatua ya 4: Nukta iko ndani au nje?

Swali hili ndilo utakalolikuta mara nyingi zaidi kazini. Je, gari limeingia kwenye eneo la huduma? Je, mtumiaji amebofya ndani ya umbo? Njia ya kawaida ni kutuma mwali kutoka kwenye nukta kuelekea kulia bila kikomo, kisha kuhesabu mara ngapi umevuka mpaka. Witiri ni ndani, shufwa ni nje.

Maelezo yanaishia hapo katika mafunzo mengi, na balaa huanzia hapo. Toleo langu la kwanza lilidai kwamba kitovu cha almasi kiko nje ya almasi. Vipeo vilikuwa (2, 0), (4, 2), (2, 4), (0, 2), na nukta ni (2, 2). Mwali ulipita sawasawa kwenye kipeo cha (4, 2), ambacho ni cha pande mbili, nami nikakihesabu mara mbili. Shufwa. Nje. Nilikuwa nimejaribu nukta nyingi za bahati nasibu na zote zilipita, kwa sababu nukta za bahati nasibu zenye desimali haziangukii kwenye kipeo.

Dawa ni kanuni ya nusu-wazi: upande wenye ncha A na B unahesabiwa tu ikiwa ncha moja iko juu kabisa ya kimo cha nukta na nyingine iko kwenye kimo hicho au chini yake. Yaani jibu la "Ay > y?" na jibu la "By > y?" yawe tofauti. Kwa almasi yetu, upande wa (2, 0) hadi (4, 2) unatoa hapana na hapana, haumo. Upande wa (4, 2) hadi (2, 4) unatoa hapana na ndiyo, umo. Jumla ni moja, nukta iko ndani. Pande zilizolala mlalo zinajiondoa zenyewe bila kuandikiwa sheria ya pekee, jambo linalonifurahisha hadi leo.

Ili kujua kama upande uko kulia kwa nukta P, usikokotoe mkato. Uite mgeuko tena: ncha ya chini iwe A, ya juu iwe B, na kama mgeuko(A, B, P) ni chanya, upande uko kulia na unahesabiwa. Rudi kwenye mstatili wenye bonde na ujaribu (3, 3), nukta iliyo ndani ya bonde. Unavuka ukingo wa bonde unaotoka (6, 4), kisha upande wa kulia kabisa, basi. Mara mbili, nje. Kwa (1, 2) utapata mara tatu, ingawa mwali unapita kwenye ncha ya bonde. Ndani.

Nukta iliyo juu ya mpaka wenyewe ni suala la uamuzi, si la hesabu. Amua mapema kama mpaka ni ndani, uikague kwanza kwa mgeuko wa sifuri, na uandike uamuzi wako kwenye maelezo ya msimbo.

Hatua ya 5: Ganda mbinuko

Turudi kwenye nukta zetu ishirini. Fikiria kila moja ni kigingi kilichopigwa ardhini. Zungushia kamba vigingi vyote, kisha ivute ikaze. Umbo la kamba ndilo ganda mbinuko. Ronald Graham alitoa njia ya kulipata mwaka 1972, R. A. Jarvis akatoa nyingine 1973, na A. M. Andrew akatoa ile ninayoipendekeza mwaka 1979. Ya Graham hupanga nukta kwa pembe. Ya Andrew hupanga kwa x, na x zikilingana kwa y. Kupanga kwa x ni rahisi na hakuna makosa ya desimali, basi sababu ya kuhangaika na pembe siioni.

Baada ya kupanga, pita kutoka kushoto kwenda kulia ukijenga rundo:

kwa kila nukta N:
  maadamu rundo lina nukta mbili au zaidi na mgeuko(ya pili kutoka juu, ya juu, N) ≤ 0:
    ondoa ya juu
  weka N juu ya rundo

Hiyo inakupa ukingo wa chini. Rudia ukitoka kulia kwenda kushoto kwa rundo jipya, upate ukingo wa juu. Unganisha, ukiacha nukta za miisho zisijirudie.

Tufanye na (0, 0), (1, 2), (2, 1), (3, 3), (4, 0), (5, 2). Tayari zimepangwa. Unaweka (0, 0) na (1, 2). Inakuja (2, 1): mgeuko ni −3, umekata kulia, (1, 2) inatoka. Inakuja (3, 3): mgeuko ni 3, inabaki. Inakuja (4, 0): mgeuko ni −5, (3, 3) inatoka, unauliza tena, mgeuko ni −4, (2, 1) nayo inatoka. Mwisho (5, 2): mgeuko ni 8, inaingia. Ukingo wa chini ni (0, 0), (4, 0), (5, 2). Safari ya kurudi inakupa (5, 2), (3, 3), (1, 2), (0, 0). Ganda lina vipeo vitano, na ni (2, 1) pekee iliyobaki ndani.

Ile "tena" katikati ndiyo inayosahauliwa. Ukiandika "kama" badala ya "maadamu", programu itaondoa nukta moja na kuendelea, na ganda lako litakuwa na mabonde.

Gharama ikoje? Kila nukta inaingia kwenye rundo mara moja na kutoka si zaidi ya mara moja, kwa hiyo kupita huko ni kazi ya hatua n tu, n ikiwa idadi ya nukta. Kinacholipiwa ni kupanga, yaani n × log n. Je, kuna njia ya haraka zaidi? Kwa jumla, hapana, na sababu yake inavutia. Chukua namba zozote unazotaka kupanga, na kila namba x uigeuze nukta (x, x²). Nukta zote zinakaa kwenye parabola, zote ziko kwenye ganda, na ukilizunguka ganda unazisoma namba zikiwa zimepangwa. Laiti ganda lingepatikana haraka kuliko kupanga, basi kupanga nako kungewezekana haraka kuliko kunavyowezekana. Nafuu hupatikana pale vipeo vya ganda vinapokuwa vichache, h. Algoriti za Kirkpatrick na Seidel (1986) na ya Timothy Chan (1996) zinafika n × log h. Kwa kazi za kila siku sijawahi kuzihitaji.

Ganda linatumika kama chujio. Katika mchezo wa video, kabla ya kukagua kama maumbo mawili yaliyopindapinda yamegongana, unakagua maganda yao. Yasipogusana, kazi imeisha.

Hatua ya 6: Nukta mbili zilizo karibu zaidi

Nukta milioni moja zina jozi 499,999,500,000. Kuzipima zote ni kujitesa. Shamos na Dan Hoey walionyesha mwaka 1975 kwamba n × log n inatosha, yaani hatua za mamilioni badala ya mabilioni mia tano.

Gawa nukta katikati kwa mstari wa wima. Tafuta jozi bora ya kila nusu kwa njia ileile, na d iwe umbali mdogo kati ya hizo mbili. Jozi pekee inayoweza kushinda d ni ile yenye nukta moja kila upande, na zote mbili lazima ziwe ndani ya d kutoka kwenye mstari. Panga nukta za ukanda huo kwa y, kisha linganisha kila moja na saba zinazoifuata. Kwa nini saba? Chora mstatili wa upana 2d na kimo d, uugawe katika miraba minane yenye upande d/2. Ulalo wa kila mraba ni mfupi kuliko d, kwa hiyo hauwezi kubeba nukta mbili za nusu moja. Nane kwa jumla, ukiondoa yenyewe, saba.

Linganisha umbali ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, usichukue kipeuo cha pili hadi mwisho. Na kama swali lako ni "nipe zote zilizo ndani ya umbali r", achana na mgawanyo huu. Tandaza gridi ya miraba ya upande r, weka kila nukta kwenye mraba wake, na kwa kila nukta kagua mraba wake na minane inayouzunguka. Ni mistari ishirini ya msimbo.

Hatua ya 7: Mstari unaofagia

Una vipande maelfu na unataka mikato yote. Hatua ya 3 ukiirudia kwa kila jozi utazeeka. Jon Bentley na Thomas Ottmann, mwaka 1979, walifagia: fikiria mstari wa wima unaosogea kutoka kushoto kwenda kulia. Wakati wowote, una orodha ya vipande unavyovigusa, vilivyopangwa toka chini hadi juu. Vipande viwili haviwezi kukatana kabla havijawa majirani kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo unakagua majirani tu, na ujirani unabadilika kwenye matukio matatu: kipande kinaanza, kipande kinaisha, vipande viwili vinabadilishana nafasi.

Gharama ni (n + k) × log n, ambapo k ni idadi ya mikato. Ukisikia hivyo unaweza kuidhani ni bora siku zote. Siyo. Karibu kila kipande kikimkata mwenzake, k inakaribia nusu ya n² na njia ya jozi zote inashinda. Tena ni algoriti ngumu kuiandika bila makosa, kwa sababu mpangilio wa orodha unategemea nukta za mikato, na zile tulishaona zinakatwa desimali. Ielewe, lakini kwa kazi halisi tumia maktaba ya msimbo iliyokwisha kupigwa na dhoruba ikasimama.

Hatua ya 8: Kugawa katika pembetatu

Kadi za michoro zinapenda pembetatu, kwa hiyo poligoni hukatwa vipande. Njia nyepesi ni kukata masikio: tafuta kipeo ambacho pembetatu yake na majirani wake wawili iko ndani ya umbo na haina kipeo kingine ndani yake, ikate, rudia. Gary Meisters alithibitisha mwaka 1975 kwamba poligoni yoyote rahisi (isiyojikata yenyewe) yenye vipeo vinne au zaidi ina masikio angalau mawili, kwa hiyo hutakwama. Inakwenda kwa n², na kwa maumbo ya vipeo mia kadhaa hutaona tofauti. Bernard Chazelle alipata njia ya mwendo wa n mwaka 1991, maarufu kwa uzuri wake kwenye karatasi na kwa ugumu wake wa kugeuzwa msimbo.

Kuna kito hapa. Mwaka 1973 Victor Klee aliuliza walinzi wangapi wanatosha kuona jumba lote la sanaa lenye kuta n. Václav Chvátal alijibu 1975: n/3, ukiacha sehemu. Steve Fisk akaufupisha uthibitisho mwaka 1978: gawa jumba katika pembetatu, paka vipeo rangi tatu ili kila pembetatu iwe na zote, kisha weka walinzi kwenye rangi yenye vipeo vichache. Jumba la kuta 12 linatosheka na wanne.

Hatua ya 9: Nani yuko karibu na nani

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 500 eneo la Soho, London. Daktari John Snow aliweka vifo kwenye ramani pamoja na pampu za maji, na baadaye akachora mpaka wa sehemu ambazo pampu ya Broad Street ndiyo iliyokuwa karibu zaidi kwa kutembea. Vifo vilijaa ndani ya mpaka huo. Mchoro unaogawa uwanja kwa swali la "kituo kipi kiko karibu nami?" leo una jina la Georgy Voronoi, aliyeuandikia mwaka 1908.

Ukiunganisha vituo ambavyo maeneo yao yanapakana, unapata pembetatu za Boris Delaunay (1934). Sifa yake: duara linalopita kwenye vipeo vitatu vya pembetatu yoyote halina nukta nyingine ndani. Kwa sababu hiyo pembetatu zake hazina pembe nyembamba mno kuliko inavyolazimu, ndiyo maana hupendwa kujenga sura ya milima kutokana na vipimo vya kimo. Nukta n haziwezi kuzaa zaidi ya pande 3n − 6, kwa hiyo mchoro haulipuki hata nukta zikiwa nyingi. Steven Fortune alionyesha mwaka 1986 namna ya kuuchora kwa kufagia, kwa n × log n.

Kwa vitendo usiuandike mwenyewe. Maktaba za msimbo kama Qhull, CGAL, au moduli ya scipy.spatial ya SciPy zitakupa kwa mistari michache. Kwa ramani, GEOS ndiyo injini iliyomo ndani ya Shapely (maktaba ya Python) na PostGIS (nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL). Na kama unachotaka ni kutafuta jirani wa karibu mara nyingi juu ya data ileile, mti wa k-d wa Bentley (1975), muundo wa data unaogawa nukta kwa x na kwa y kwa zamu, unatosha. Kwa maumbo yenye upana, kama viwanja na majengo, tumia mti wa R wa Antonin Guttman (1984), unaofunika maumbo kwa mistatili, ambao hifadhidata nyingi zinao tayari.

Wa roboti wasijisikie wametengwa. Tomás Lozano-Pérez na Michael Wesley, mwaka 1979, walitoa wazo la kunenepesha vizuizi kwa kadiri ya umbo la roboti ili roboti yenyewe ibaki nukta. Kuipitisha nukta katikati ya poligoni ni kazi ya hatua ya 3.

Kabla hujaiweka kazini

Namba za desimali zinadanganya. 0.1 + 0.2 kwenye kompyuta ni 0.30000000000000004, na mgeuko uliopaswa kuwa sifuri unaweza kutoka chanya kidogo au hasi kidogo. Wengi huweka kizingiti, wakasema chochote kilicho chini ya 0.000000001 ni sifuri. Kizingiti kinachofaa kwa milimita hakifai kwa kilomita, na kinaweza kukuambia kwamba A inalingana na B, B inalingana na C, lakini A hailingani na C. Ukiweza, hifadhi data kwa namba kamili, kwa mfano milimita. Usipoweza, tumia hesabu za Jonathan Shewchuk (1997), ambazo huongeza usahihi pale tu alama inapokuwa na shaka.

Dunia nayo si karatasi. Digrii moja ya longitudo ni takribani kilomita 111 kwenye ikweta, lakini kwenye latitudo 60 ni nusu yake, kwa hiyo umbali uliokokotolewa kwa digrii ni wa uongo. Badili kwanza kuwa mita kwa makadirio ya ramani (njia ya kulaza uso wa dunia kwenye karatasi bapa) yanayofaa eneo lako. Poligoni inayovuka longitudo 180 ikate vipande viwili. Na kwenye GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, longitudo inatangulia, latitudo inafuata, kinyume cha mazoea ya watu wengi. Ukiona majengo yako yanaelea baharini, anza kutafuta hapo.

Upimaji nao una namna yake. Andika toleo la kijinga la kila algoriti: ganda linalojaribu kila jozi, mikato inayokagua kila vipande viwili. Zalisha data ndogo ya bahati nasibu, lakini majiranukta yawe namba kamili kati ya 0 na 4 tu. Kwenye gridi finyu hivyo nukta zitagongana, zitajipanga mstari mmoja, vipande vitalaliana na mwali utapita kwenye vipeo karibu kila mara. Endesha matoleo yote mawili mara laki moja, na pale yanapotofautiana, chapisha zile nukta sita au saba uzichore kwenye ile karatasi yenye miraba.